Biashara ya Ngozi za Koala Nchini Australia

Kwa takriban miaka hamsini, kuanzia miaka ya 1870 hadi mwaka 1927, ngozi ya koala ilikuwa bidhaa ya kawaida katika bandari za mashariki mwa Australia. Ilifungwa marobota pamoja na ngozi za posamu na kangaruu, ikapakiwa melini, ikapigwa mnada London, na mwisho wake ikawa kola, kofia, glavu au bitana ya koti la baridi. Mnyama aliyechunwa ngozi hiyo huishi kwa majani ya mkaratusi na karibu hali kingine. Chakula hicho ndicho kilichoamua mwenendo wa biashara nzima: kilimfanya koala awe rahisi kuuawa, kikamfanya achelewe kuongezeka tena, na ndicho ambacho sheria za kumhifadhi zilikuja kukiacha bila ulinzi.

Walaji wa jani gumu

Afrika Mashariki mkaratusi unajulikana kwa nguzo, kuni na harufu ya dawa ya mafua. Uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za kuendeshea treni za reli ya Uganda, na tangu hapo wafugaji wameona kwamba hata mbuzi, asiyechagua chakula, huupita mti huo bila kuugusa. Sababu imo ndani ya jani lenyewe. Lina protini kidogo na nyuzinyuzi nyingi, na limejaa mafuta yenye harufu kali, tanini na kemikali nyingine ambazo ni sumu kwa wanyama wengi.

Australia ndiko asili ya mti huu. Huko kuna aina zaidi ya 700 za mikaratusi, na kwa mamilioni ya miaka, kadiri bara hilo lilivyozidi kukauka, misitu yake imetawaliwa na miti hiyo. Ni wanyama wachache tu waliofaulu kuufanya mkaratusi kuwa chakula chao, na wale wanaojulikana zaidi ni mamalia wanaobeba watoto mfukoni. Yupo koala. Yupo posamu mkubwa mwenye ngozi iliyotanda kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, anayeweza kuruka kwa kuelea hewani hadi mita 100 kutoka mti hadi mti. Naye pia hula karibu majani ya mkaratusi peke yake. Yupo posamu mdogo mwenye mkia wa kujiviringisha kwenye matawi, ambaye hula kinyesi chake laini ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Yupo pia posamu wa mkia wa manyoya mengi, ambaye huchanganya majani hayo na mimea mingine, matunda na maua.

Kati ya hao wote, koala ndiye aliyejifunga zaidi na mti huu, na hata katika mikaratusi yenyewe huchagua. Katika eneo moja hutegemea aina chache tu za miti, na katika mti mmoja huacha majani mengi zaidi ya yale anayokula. Hulivuta tawi hadi puani, akalinusa jani, na kama harufu haimridhishi huliachia na kushika jingine. Akiridhika huliuma na kulisaga taratibu kwa magego yenye ncha kali hadi liwe uji mzito. Kwa siku hula kati ya nusu kilo na kilo moja hivi. Uji huo huingia katika mfuko wa utumbo ulioziba upande mmoja, wenye urefu wa karibu mita 2, ambamo bakteria huuchachusha kwa muda mrefu, huku ini likizivunja sumu. Nguvu inayopatikana kwa kazi yote hiyo ni ndogo, na ndiyo maana koala hulala au kupumzika kwa karibu saa 20 kati ya 24.

Uzazi wake nao hufuata uhaba huo. Jike huzaa mtoto mmoja, mara moja kwa mwaka katika mazingira mazuri, na mtoto huyo huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 2 hivi na uzito usiofika gramu moja. Hukaa mfukoni miezi sita. Anapokaribia kuanza kula majani, mama humpa kwanza uji laini unaotoka katika utumbo wake, wenye bakteria wale wale watakaomwezesha kumeng'enya mkaratusi. Bila uji huo majani yasingemfaa kitu. Mnyama wa aina hii akipungua ghafla, hesabu ya kurudisha idadi yake ni ndefu.

Kabla ya biashara

Waaborijini waliishi na wanyama hawa kwa makumi ya maelfu ya miaka. Koala waliwindwa kwa ajili ya nyama, na katika mapokeo ya jamii nyingi za mashariki mnyama huyo ana hadithi zake na miiko yake. Jina lenyewe limetokana na neno la lugha ya Wadharug, wenyeji wa eneo la Sydney, waliomwita gula.

Kwa mavazi, ngozi iliyothaminiwa zaidi kusini-mashariki mwa bara ilikuwa ya posamu wa mkia wa manyoya. Ngozi zake zilikaushwa, zikakwaruzwa na kuchorwa nakshi upande wa ndani, zikapakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, kisha zikashonwa pamoja kwa mishipa ya mkia wa kangaruu hadi zikawa joho pana. Mtoto alifungiwa katika joho dogo, ngozi zikaongezwa kadiri alivyokua, na wengi walizikwa wakiwa wamevikwa majoho yao. Nakshi zilieleza ukoo wa mwenye joho na nchi yake. Jumba la makumbusho la Melbourne linahifadhi mawili ya karne ya 19: moja la Wayorta Yorta lililopatikana mwaka 1853 karibu na Echuca, na jingine la Wagunditjmara wa Lake Condah la mwaka 1872. Mwaka 1999 wasanii wa Kiaborijini wa Victoria waliyachunguza majoho hayo mawili na kutengeneza mengine kwa kuyaiga, na mwaka 2006 wazee wa jamii mbalimbali walivaa majoho mapya ya posamu katika ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne.

Katika mfumo huo wa zamani mnyama aliwindwa kwa kiasi cha mahitaji ya jamii. Ukoloni wa Waingereza, ulioanza mwaka 1788, ulileta maradhi, mauaji na kunyang'anywa ardhi, na idadi ya Waaborijini wa mashariki ikaporomoka. Watafiti wengi wanaona kwamba kupungua kwa wawindaji hao ndiko kulikowafanya koala waongezeke mno katikati ya karne ya 19. Walowezi wa kwanza hawakuwaona kwa urahisi. Maandishi ya kwanza ya Wazungu kumhusu koala ni ya mwaka 1798, yaliyoandikwa na John Price, mtumishi wa Gavana Hunter, akiwa safarini kuelekea milima ya magharibi mwa Sydney. Mwaka 1802 Francis Barrallier alipata miguu ya koala kutoka kwa Waaborijini na kuipeleka kwa gavana. Mwaka 1803 gazeti la Sydney likaeleza habari za koala hai waliofikishwa mjini. Mwaka 1816 Mfaransa Henri de Blainville alimpa jina la kisayansi la Phascolarctos, lenye maana ya dubu mwenye mfuko. Kosa hilo la kumwita dubu, ambaye hana undugu naye wowote, lilidumu. Ndugu wa karibu wa koala ni wombati, anayechimba mashimo ardhini. Hata hivyo katika vitabu vya wafanyabiashara koala aliandikwa kwa miaka mingi kama dubu wa kienyeji.

Kutoka msituni hadi mnadani

Kufikia miaka ya 1870 makoloni ya mashariki yalikuwa na watu wengi waliotafuta riziki msituni: wakata mbao, wachimba dhahabu walioishiwa bahati, wachungaji na wakulima wadogo ambao ukame uliwaachia madeni. Ngozi iliwapa fedha taslimu bila mtaji mkubwa. Posamu ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa biashara hiyo. Thamani yake ilijulikana hata ng'ambo ya bahari, kiasi kwamba tangu mwaka 1837 walowezi walijaribu kumpeleka New Zealand ili kuanzisha biashara ya manyoya huko, na baada ya kuzoea nchi hiyo akageuka kuwa mharibifu mkubwa wa misitu yake.

Koala alifuata. Manyoya yake ni mazito, hayapitishi maji upesi na huhifadhi joto kuliko ya mamalia wengi wenye mfuko, hasa mgongoni, kwa kuwa mnyama huyu hukaa wazi juu ya mti mvua inaponyesha na upepo unapovuma. Koala wa kusini, ambako baridi ni kali, ni wakubwa na wenye manyoya marefu zaidi. Dume wa Victoria hufika kilo 12, ilhali wa kaskazini mwa Queensland huwa na karibu nusu ya uzito huo. Bei ya ngozi moja haikuwa kubwa, ila wingi uliifidia. Mwaka 1889 peke yake ngozi zipatazo 300,000 za koala zilipelekwa London. Ulaya na Marekani ndizo zilizokuwa masoko yake, na Marekani mara nyingi ziliuzwa kwa jina la wombati.

Uwindaji wenyewe haukuhitaji ustadi mkubwa. Koala hakimbii, akishtuka hupanda juu zaidi na kukumbatia shina, akabaki hapo akitazama chini. Usiku wa mbalamwezi kivuli chake kilionekana wazi kwenye uma wa tawi, na bunduki ilimfikia bila shida. Wategaji wengi waliona bora kutumia kitanzi, kwa sababu risasi hutoboa ngozi. Waliegemeza mti mrefu kwenye shina la mkaratusi, kama ngazi, wakafunga juu yake kitanzi cha waya. Mnyama aliyezoea kushuka ili kuhamia mti mwingine alipita njia hiyo nyepesi, shingo yake ikaingia kitanzini, akaning'inia hadi asubuhi. Wengine walitumia sumu ya sianidi. Asubuhi mtegaji alizungukia mitego, akachuna, akazitandaza ngozi na kuzipigilia misumari kwenye mbao au magome ya miti zikauke, kisha akazifunga kwa dazeni na kuzipeleka kwa wakala wa mji wa karibu. Jike aliyekuwa na mtoto mfukoni au mgongoni alihesabiwa ngozi moja. Mtoto alikufa bila kuingia katika hesabu yoyote.

Sheria zilizochelewa

Mwishoni mwa karne ya 19 dalili za upungufu zilikuwa wazi. Wakulima walikuwa wakivua magome ya mikaratusi kwa mduara ili ikauke na kuacha nafasi ya malisho. Maradhi yalizuka na kuua koala wengi. Mioto na ukame viliongeza hasara. Victoria ilimweka koala chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1898, na New South Wales ikafuata mwaka 1903. Sheria hizo zilikuwa na mianya, na wasimamizi wake walikuwa wachache katika misitu isiyo na mwisho. Mwaka 1908 bado ngozi karibu 58,000 za koala zilipita katika masoko ya Sydney, na ngozi zilizopatikana kinyume cha sheria katika jimbo moja ziliweza kuvushwa mpaka na kuuzwa katika jimbo jingine.

Queensland ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1906 ilimlinda koala kwa misimu: serikali ilifunga uwindaji kwa muda, ikaufungua tena ilipoona inafaa. Kwa nadharia, mpango huo ungempa mnyama nafasi ya kuzaana. Kwa vitendo, msimu ulifunguliwa pale bei ya manyoya ilipopanda au pale watu wa mashambani walipokosa kazi, na mapato ya leseni na mrabaha yaliingia katika hazina ya jimbo. Msimu wa mwaka 1919 ulidumu miezi sita, na koala waliouawa wanakadiriwa kufika milioni moja. Wawindaji walihesabu kwamba mnyama aliyeonekana kuwa tele msimu mmoja angekuwa tele tena msimu ujao, kama ilivyo kwa sungura. Lakini koala jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu na humlea mtoto mmoja kwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo pengo la msimu mmoja halikuzibwa na miaka michache ya kufungwa.

Agosti 1927

Mwaka 1927 Queensland ilikuwa katika ukame mkali. Serikali ya jimbo, ikiongozwa wakati huo na kaimu waziri mkuu William Forgan Smith, ilitangaza kwamba koala wangewindwa kwa mwezi mmoja, kuanzia tarehe 1 hadi 31 Agosti, ili watu wa mashambani wapate fedha. Leseni zipatazo 10,000 zilitolewa.

Safari hii wananchi hawakunyamaza. Viongozi wa makanisa, wanasayansi, walimu, vyama vya wanawake na magazeti ya Brisbane walipinga kwa nguvu. Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihusu ukatili: mnyama asiyemdhuru mtu wala zao anauawa akiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu Agosti ni mwezi ambao majike wengi huwa wamebeba watoto. Ya pili ilihusu taifa: Australia, iliyokuwa imeungana kuwa nchi moja mwaka 1901, ilikuwa imeanza kumwona koala kama kitambulisho chake. Norman Lindsay alikuwa amekwisha kumfanya koala kuwa mhusika mkuu wa kitabu chake cha watoto cha mwaka 1918, na mtoto aliyekua na kitabu hicho hakuweza kukubali kwa urahisi kwamba mhusika wake ni bitana ya koti.

Serikali haikurudi nyuma. Mwezi ulipokwisha, ngozi 597,985 zilikuwa zimeuzwa kwa njia halali. Wastani wake ni zaidi ya ngozi 19,000 kwa siku, bila kuhesabu watoto waliokufa mifukoni na wanyama waliojeruhiwa wakafia msituni. Mwezi huo umeingia katika historia ya Australia kwa jina la Agosti Nyeusi. Ghadhabu iliyofuata iliifunga biashara: hakuna serikali ya Queensland iliyothubutu tena kufungua msimu wa koala. Katika miaka ya 1930 serikali ya shirikisho ilizuia ngozi zake kusafirishwa nje, na kufikia mwisho wa muongo huo koala alikuwa akilindwa na sheria katika majimbo yote alimoishi.

Kurudisha kilichopotea

Hali aliyoachwa nayo koala ilitofautiana. Queensland na New South Wales zilibaki na makundi yaliyotawanyika. Victoria inakadiriwa kuwa ilibakiwa na koala wasiozidi elfu moja, na huko South Australia mnyama huyu akatoweka kabisa. Wokovu wa kusini ulitoka visiwani. Mwishoni mwa karne ya 19 koala wachache walikuwa wamepelekwa French Island, katika ghuba iliyo karibu na Melbourne, wakaongezeka mno hadi mikaratusi ya kisiwa ikaanza kufa kwa kuliwa. Kuanzia mwaka 1923 maofisa wa wanyamapori walianza kuwakamata na kuwahamishia kwingine, na kwa miongo iliyofuata maelfu walirudishwa katika misitu ya bara. Kati ya mwaka 1923 na 1925 koala 18 kutoka hapo walipelekwa Kangaroo Island, South Australia. Wazao wao walifikia makumi ya maelfu, na tangu mwaka 1997 serikali ililazimika kuwafunga uzazi baadhi yao ili miti isiangamie. Moto wa kiangazi cha 2019–2020 uliteketeza karibu nusu ya kisiwa hicho na kuua sehemu kubwa ya koala wake. Kwa kuwa wengi wa kusini ni wazao wa wanyama wachache, damu yao imekaribiana, na wataalamu wameona kasoro za kimaumbile zinazotokana na hilo.

Mwaka ule ule wa Agosti Nyeusi, pembezoni mwa Brisbane, Claude Reid alianzisha hifadhi ya Lone Pine akiwa na koala wawili, Jack na Jill. Sydney nayo ilipata hifadhi ya koala mwaka 1930, iliyofunguliwa na Noel Burnet. Mwaka 1933 Dorothy Wall alichapisha kitabu cha kwanza cha Blinky Bill, koala mtoto ambaye baba yake anauawa kwa bunduki. Kizazi kizima cha Waaustralia kiliijua biashara ya ngozi kupitia ukurasa huo. Ndani ya miaka sita tu mnyama wa mnadani alikuwa amegeuka kuwa mnyama wa kupakatwa na watalii.

Ulinzi huo, hata hivyo, ulihusu mwili wa mnyama peke yake. Aliyemuua koala alishtakiwa, lakini aliyekata mikaratusi aliyokuwa akiishi juu yake, mara nyingi kwa kibali, hakuulizwa kitu. Baada ya vita vya pili vya dunia malisho, barabara na vitongoji vilipanuka kando ya pwani ya mashariki, katika udongo ule ule wenye rutuba unaozaa miti anayoipenda. Koala aliyepoteza mti hushuka chini kutafuta mwingine, na huko hukutana na magari na mbwa. Msongo humwongezea pia maradhi ya klamidia, yanayompofusha na kumfanya tasa. Mwaka 2012 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu waliorodheshwa kuwa katika hatari, na Februari 2022 wakapandishwa daraja la walio hatarini kutoweka. Posamu mkubwa anayeelea hewani, ambaye soko la manyoya halikumtegemea kama koala, ameingia katika orodha hiyo kwa sababu ile ile, kwani naye anahitaji majani ya mikaratusi na mashimo ya miti mikubwa iliyozeeka. Kitanzi cha waya kilikwisha mwaka 1927. Mti uliokuwa ukiegemezwa kitanzi hicho ndio unaogombewa hadi leo, na maisha ya walaji wote wa jani lake yanaufuata.